Kimbunga Kikidhoofika, Je, Tulidanganywa? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Tufani na Mvua Kubwa

Barua za safari hii zimegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la walalamikaji: tahadhari imetolewa, kazi zimesimama, kisha bahari ikatulia. La pili ni la wavuvi, wajenzi na wenye nyumba za bondeni, nao wanataka kujua wafanye nini kwa mikono yao. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kuelewa vibaya kunaweza kumgharimu mtu maisha. Mengine tumeyapitia haraka.

Aprili 2021 tuliambiwa Kimbunga Jobo kinakuja Dar es Salaam. Tukafunga maduka, tukajaza ndoo, ikanyesha mvua ya kawaida. Mei 2024 ikaja habari ya Hidaya. Kwa nini tuendelee kuamini?
*Msomaji, Kigamboni*

Jobo kilikuwepo kweli. Kilizaliwa kaskazini mwa Madagascar na kikashika njia ya magharibi kuelekea pwani yetu. Ila kimbunga ni kama moto wa kuni, lazima kilishwe. Kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi kwenda juu, kinataka hewa yenye unyevu, na kinataka upepo wa juu angani usitofautiane sana na ule wa chini. Jobo kilinyimwa viwili vya mwisho. Hewa kavu ilikiingia, na upepo wa juu ukakisukuma kichwa kikaachana na kiwiliwili. Kimbunga cha namna hiyo hakidumu. Kilipokaribia Dar es Salaam tarehe 24 na 25 Aprili kilikuwa mabaki.

Sasa angalia mwezi wa angani siku hizo. Ulikuwa mpevu tarehe 27 Aprili 2021, maana yake bamvua, yaani siku za bahari kujaa na kupwa kupita kawaida, ilikuwa inapanda. Kama Jobo kingefika na nguvu zake, kingeisukuma bahari juu ya maji ambayo tayari yalikuwa yanajaa kuliko kawaida. Walioweka tahadhari walikuwa na sababu.

Hidaya kilifika. Tarehe 4 Mei 2024 kiliingia kisiwani Mafia, na kikapoteza nguvu. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika upande wa Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa njia ya barabara. Barabara hiyo ilikatwa na maji. Kimbunga kikishaingia nchi kavu upepo hufa upesi, lakini mvua hubaki kwenye mawingu yake na kushuka popote yanapopita. Na hapa pana nafuu ambayo wengi hawakuiona: robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1 Mei, hivyo Hidaya kilikuta maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Tofauti ya kimo cha bahari kati ya maji mafu na bamvua katika pwani yetu si ndogo. Siku za bamvua kubwa maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4.

Kuhusu ramani zinazosambazwa kwenye simu: ile sura ya pembe inayopanuka kwenda mbele haionyeshi ukubwa wa kimbunga. Inaonyesha mahali ambapo kitovu chake kinaweza kupita. Kwa saa 24 zijazo kosa la njia huwa ni makumi ya kilomita, kwa siku 3 huweza kupita 100. Kutoka Kilindoni hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo ukiambiwa siku 3 kabla kwamba Dar inaweza kupigwa na kimbunga kikaingia Mafia, utabiri umelenga vizuri. Aliyejiandaa Kigamboni hakupoteza kitu isipokuwa mauzo ya siku mbili.

Utabiri unasema "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2". Tukatoka, tukakutana na wimbi lililopita hapo kwa mbali. Vipimo vyao vina kasoro?
*Mvuvi, Kilindoni, Mafia*

Havina kasoro, ila maana yake haielezwi vya kutosha. Kimo cha wimbi kinachotangazwa hupatikana hivi: mawimbi yote yanapangwa, inachukuliwa theluthi ya makubwa, ndipo unatolewa wastani wa hayo, ukipimwa kutoka bondeni hadi kileleni. Ni wastani. Kwenye bahari hiyo hiyo, ukikaa saa chache, litapita wimbi moja linalokaribia mara mbili ya kile kimo. Kwa mwenye ngalawa "mita 2" isomwe hivi: mengi yatakuwa chini ya hapo, na moja la karibu mita 4 linaweza kuja wakati wowote.

Upepo nao una hesabu yake. Msukumo wake haupandi sawasawa na kasi, unapanda kwa mraba. Kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, tanga linasukumwa kwa nguvu mara 4. Kufika 120 ni mara 9. Ndiyo maana mtu aliyezoea kusi kali anaweza kudhani dhoruba ni kusi iliyozidi kidogo, akafa kwa dhana hiyo. Upepo wa kilomita 40 utaujua ukiwa bado pwani: vichwa vyeupe vimejaa bahari nzima, matawi makubwa ya miembe yanayumba, nyaya za umeme zinapiga mluzi. Ukiona hivyo ukiwa dikoni usitoke, hakuna haja ya kusubiri redio.

Kwa nyinyi wa Mafia liko jambo la ziada. Maji yanapokupwa, mkondo unaotoka mdomo wa Rufiji na kwenye vijito vya mikoko unaelekea baharini. Upepo ukiwa unatoka baharini, mkondo na upepo vinakabiliana, na wimbi hufupika, husimama wima, kisha huvunjika. Bahari ya mita 2 ambayo wakati wa maji kujaa ungeivuka kwa shida, wakati wa kupwa inakupindua. Panga kuvuka hapo maji yakiwa yanajaa au yamesimama.

Na ngazi zenyewe zisichanganywe. Utabiri wa siku tano wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania una rangi tatu za hatari. Njano ni *angalizo*, rangi ya chungwa ni *tahadhari*, nyekundu ni *tahadhari kubwa*. Chini ya kila siku pameandikwa vitu viwili ambavyo wengi huviruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Angalizo lenye uwezekano mkubwa linaweza kukuhusu kuliko tahadhari yenye uwezekano mdogo iliyo mkoa wa jirani. Soma orodha ya mikoa yote. "Ukanda wote wa pwani" ni Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, pamoja na Unguja na Pemba.

Wazee wa kwetu wanasema tufani hupiga mara mbili: ikinyamaza usitoke. Ni kweli?
*Msomaji, Mtwara*

Ni kweli tupu, na sababu yake ni jicho. Katikati ya kimbunga chenye nguvu pana eneo la utulivu. Likipita juu yenu, upepo unakatika, mvua inaacha, hata anga linaweza kufunguka. Watu hutoka kuangalia mabati, watoto hukimbilia maembe yaliyoanguka. Kisha ukuta wa upepo wa upande wa pili unafika, na upepo unarudi ukitoka upande ulio kinyume, ukizipiga nyumba mgongoni, pale ambapo hakuna aliyeziba.

Kusini mwa Ikweta vimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kutokana na hilo mtu wa pwani anaweza kujua kitovu kiko wapi bila chombo chochote. Simama uso ukiwa kwenye upepo: kitovu kiko mkono wako wa kushoto. Kimbunga kikiwa bado baharini mashariki yenu, upepo wa kwanza utatoka kusini. Baada ya hapo uangalie unavyogeuka. Ukihamia mashariki, basi kitovu kinapita kaskazini yenu, nanyi mko upande mbaya, kwani upepo unaileta bahari nchi kavu. Ukihamia magharibi, kitovu kinapita kusini yenu na maji yanasukumwa kutoka. Ukibaki kusini ule ule huku ukizidi, kinakuja moja kwa moja. Hidaya kilipoingia Mafia, waliokuwa upande wa upepo wa baharini ni watu wa Kilwa na Somanga.

Baadhi ya simu za siku hizi zina baromita ndani, yaani kipimo cha kanieneo ya hewa. Itumieni, lakini kwa uangalifu. Katika nchi za joto kanieneo ya hewa hupanda na kushuka yenyewe mara mbili kwa siku: hufika juu kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, hushuka kwenye saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, kwa tofauti ya kama milibari 3. Mtu asiyejua hilo huogopa kila alasiri. Linganisha saa ile ile ya jana na ya leo. Ikiwa imepungua milibari 3 au 4, na saa inayofuata imepungua tena, hiyo ni dalili. Na kila milibari 1 inayopungua, bahari yenyewe huinuka kama sentimita 1 kabla upepo haujaongeza lake.

Tanga na Mombasa vimewahi kupigwa na kimbunga? Bibi alikuwa akisimulia tufani iliyong'oa mikarafuu.
*Msomaji, Tanga*

Alichosimulia bibi kilitokea Unguja tarehe 15 Aprili 1872, na kilipokezanwa kwa midomo kwa sababu kiliibadilisha biashara ya nchi. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti. Tufani ile ilizamisha meli zake bandarini pamoja na majahazi, ikaangusha minazi, na kiasi cha theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa vizuri. Mwenye shamba Unguja aliyepanda upya mwaka ule alisubiri, na huku Pemba, iliyopona kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo inayouza. Mpaka leo karafuu nyingi hutoka Pemba. Ile meli Glasgow iliyozamishwa na Waingereza katika vita vifupi vya tarehe 27 Agosti 1896 ilikuwa imejengwa huko Scotland kujaza pengo la meli zilizopotea kwenye tufani hiyo.

Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliingia nchi kavu upande wa Lindi.

Angalieni miezi: 1872 Aprili, 1952 Aprili, Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili 2021, Hidaya Mei mwanzoni. Kwa pwani yetu hatari iko mwisho wa msimu, kaskazi inapokufa na kusi haijashika, bahari ikiwa bado na joto la miezi yote ya jua. Waliokwisha kukunja mikeka mwezi Machi wamewahi mno.

Ama Tanga na Mombasa, jiografia inawalinda kwa kiasi. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia inazunguka, na nguvu hiyo ya kupinda upepo hupungua kadiri unavyokaribia Ikweta. Ndani ya nyuzi 5 hivi kutoka Ikweta ni shida kwa kimbunga kuumbika au kujishikilia. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Tanga 5, Unguja 6, Mafia karibu 8, Mtwara zaidi ya 10. Hatari huongezeka kwa mpangilio huo huo. Ila kulindwa kwa kiasi hakumaanishi kusamehewa. Wiki mbili baada ya Hidaya, Mei 2024, kimbunga Ialy kilipanda kaskazini na kuikaribia pwani ya Kenya na Somalia, nayo Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikawaonya watu wa pwani juu ya upepo mkali na mawimbi. Kitovu kinaweza kuwa mamia ya kilomita baharini na mawimbi yake yakafika Lamu.

Mwaka 2019 redio ya nje ilitangaza kimbunga kimepiga Pemba. Sisi tulikuwa Pemba na hatukuona kitu.
*Msomaji, Chake Chake*

Hiyo ni Pemba ya Msumbiji, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado. Kimbunga Kenneth kilipita Ngazija, kisiwa cha Komoro, tarehe 24 Aprili 2019, na siku ya pili yake kikaingia nchi kavu kaskazini ya mji huo. Ilikuwa wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuipiga Beira na kuua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mpaka wa Mtwara hauko mbali na pale, na ndiyo sababu serikali ilifunga shule na kuwahamisha watu wa kusini. Ukisikia habari ya Pemba kwa lugha ya kigeni, uliza kwanza ni ipi.

Nani huyapa majina haya? Hidaya, Faraji, Iman, mbona ni ya kwetu?
*Msomaji, Bagamoyo*

Nchi za ukanda huu hupendekeza majina, yakapangwa kwa alfabeti kwa kila msimu. Jina hutolewa upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa. Ikiwa mfumo uko magharibi ya nyuzi 55 mashariki hutoa Madagascar, ukiwa mashariki yake hutoa Mauritius. Herufi ya kwanza inakuambia ni cha ngapi: Hidaya kilikuwa cha 8 msimu wa 2023/24, Jobo cha 10 msimu wa 2020/21. Upepo ukifika kilomita 118 kwa saa ndipo huitwa kimbunga cha kitropiki hasa. Kabla ya hapo ni dhoruba.

Ramani za vimbunga zina saa zenye herufi Z. Tuzisomeje?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Ongeza saa 3 upate saa za Afrika Mashariki, kisha zigeuze za Kiswahili. 00Z ni saa 9 usiku, 06Z ni saa 3 asubuhi, 12Z ni saa 9 alasiri, 18Z ni saa 3 usiku. Kasi ikiandikwa kwa noti, zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa. Na kabla ya yote tafuta tarehe. Ramani za zamani hurudi kila mwaka zikiwa zimekatwa sehemu yenye tarehe.

"Mvua kubwa ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24." Milimita 50 ni nini kwa mtu wa kawaida? Nyumba yangu iko karibu na Mto Msimbazi.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50 linamwaga lita 5,000, yaani tangi kubwa zima, ndani ya siku moja. Zidisha kwa mapaa yote, lami yote na nyua zote zilizosakafiwa kuanzia Pugu hadi Jangwani. Maji hayo hayana pa kuzama. Tarehe 20 Desemba 2011 Dar es Salaam ilipimwa milimita 156.4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1954. Paa lile lile lilimwaga lita 15,640. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mafuriko ya siku zile, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Kwa hiyo usingoje kipimo cha uwanja wa ndege. Mvua ya Dar huwa ya vipande: Ubungo kunafurika, Kigamboni kukavu. Tengeneza kipimo chako.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 ambayo tumbo lake limenyooka, siyo ile iliyobanwa kiunoni. Ikate pale mabega yanapoanzia, ugeuze kile kichwa kiwe faneli ndani yake bila kifuniko. Kitako cha chupa kina mabonde, na hapo ndipo wengi hukosea: mimina kokoto ndogo, kisha maji mpaka yafunike mabonde na kufika sehemu iliyonyooka. Weka alama hapo, hiyo ndiyo sifuri. Bandika rula kuanzia alama hiyo kwenda juu. Kwa kuwa mdomo na tumbo vina upana mmoja, milimita za rula ndizo milimita za mvua. Ndoo haifai, kwa sababu mdomo wake ni mpana kuliko kitako na itakudanganya ujazo.

Isimamishe mahali pa wazi. Ikiwa mti au nyumba ina urefu wa mita 4, kaa mita 8 mbali nayo. Ifunge kwenye kijiti isipeperuke. Soma kila siku saa 3 asubuhi, saa ile ile wanayosoma wapimaji wa vituo, kisha mwaga na urudishe maji ya sifuri. Andika. Baada ya masika moja utakuwa na jambo ambalo hakuna ofisi inayoweza kukupa: ni milimita ngapi za kwako zinazofanya maji yafike kizingitini.

Kwa anayeishi bondeni, kanuni ya mwendo ni hii. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelesha gari dogo. Sentimita 60 huchukua magari mengi, pikipiki na bajaji zikiwa zimeshaondoka zamani. Ukiona kivuko kimefunikwa na huoni ukingo wa lami, barabara chini inaweza kuwa imeshaliwa.

Utabiri wa msimu unasema "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Mwaka jana walisema hivyo na shamba likakauka.
*Mkulima, Handeni*

Nyuma ya maneno hayo kuna hesabu ya mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Bila taarifa yoyote kila fungu lina karibu asilimia 33. Utabiri ukitoa 45, 35 na 20, ile 20 bado ipo: misimu 2 katika 10 ya namna hiyo itakuwa pungufu. Tena jumla ya msimu haisemi mvua itagawanyikaje. Mwaka 2019 masika yalichelewa sana Afrika Mashariki, na Idai iliyokuwa ikivuta unyevu kwenda Msumbiji ilichangia. Panda kwa utabiri wa siku 10 pamoja na ule wa msimu, na fungu moja la shamba liwe na mbegu ya muda mfupi.

Kwa nini dhoruba za Ziwa Victoria huja usiku wa manane, tukiwa tumeshatega nyavu?
*Mvuvi, Ukerewe*

Kwa sababu ziwa hubaki na joto wakati nchi kavu imepoa. Usiku hewa baridi ya nchi kavu huteremka kuelekea ziwani kutoka pande zote, ikakutana katikati. Ikikutana haina pa kwenda isipokuwa juu, na juu hapo ndipo wingu la radi hujengeka. Upepo wa jumla wa mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa Bukoba, ndiyo maana Kagera hupata ngurumo za alfajiri. Mchana mambo hugeuka, na mvua ya mawe huipiga Kericho na Nandi, Kenya, alasiri.

Upepo wa wingu la radi hutangulia mvua. Dalili ni hewa ya baridi ya ghafla usoni, na mstari mweupe au mweusi juu ya maji unaokuja. Kuanzia hapo una dakika chache. Teremsha tanga, vaeni maboya, elekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo, wote wakae sakafuni. Anayejaribu kukata kona kuwahi ufukweni huonyesha ubavu, na mtumbwi hujaa kwa wimbi la kwanza.

Radi ihesabiwe. Kuanzia mwanga hadi ngurumo, sekunde 3 ni kilomita 1. Sekunde zikiwa chini ya 30, uwe umeshaondoka majini, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Viatu vya mpira havisaidii. Mti wa peke yake unaua.

Wala wa nchi kavu wasijisahau. Machi 2015, Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo wa usiku mmoja uliua watu zaidi ya 40. Nyumba za udongo zilinywa maji zikawaangukia waliolala. Ukuta wa tope ulioloa hutoa dalili: nyufa za mlalo karibu na msingi na udongo unaomeguka. Ukiziona usiku, toeni watoto hata kama mvua bado inanyesha.

Niko Muscat, mzaliwa wa Unguja. Huku vimbunga vina misimu miwili. Kwa nini?
*Msomaji, Oman*

Bahari ya Uarabuni hupata vimbunga Mei na Juni, kisha Oktoba hadi Desemba. Katikati yake upepo mkali wa kusini magharibi huipoza bahari na kuyavunja mawingu juu. Gonu kilikuja Juni 2007. Shaheen kiliingia pwani ya Batinah tarehe 3 Oktoba 2021, kikiwa kimetokana na mabaki ya Gulab yaliyovuka India nzima. Kumbuka kwamba huko vinazunguka kinyume na vya kwetu, hivyo ile kanuni ya mkono wa kushoto igeuze: ukikabili upepo, kitovu kiko kulia. Hatari kubwa ya huko ni wadi, yaani mabonde ya mito mikavu. Mvua ikinyesha milimani, maji hukufikia chini ya anga jeupe.

Kimebaki siku mbili kimbunga kifike. Mwenye nyumba ya mabati na mwenye mashua wafanye nini?
*Wasomaji kadhaa, Kilwa na Lindi*

Bati haling'olewi katikati. Upepo huanza pembeni: ncha za paa, kofia, na baraza lililo wazi ambalo hukamata upepo kama tanga. Panda uangalie huko kwanza. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni, na kwenye kingo uwe kila mgongo. Katikati ya paa mgongo mmoja uruke. Msumari uliolegea usigongwe tena kwenye tundu lile lile. Toboa pembeni, ziba la zamani. Kisha ingia darini. Papi (mbao zinazopigiliwa bati) ikishikwa vizuri na bati lakini kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) haikufungwa ukutani, paa litaondoka zima. Zungusha waya wa kufungia nondo, nyuzi mbili hadi nne, kutoka kenchi hadi kwenye boriti ya juu ya ukuta, kila kenchi. Kama huna muda, pitisha kamba nene juu ya paa kutoka kigingi hadi kigingi, karibu na ncha zote mbili. Mawe na matairi juu ya bati yashushwe. Upepo ukizidi yanakuwa makombora.

Funga madirisha yote. Lile wazo la kufungua moja ili upepo upite ni la hatari: ukishaingia ndani unalisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukilivuta juu.

Weka maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku 3, ya kunywa na kupika tu. Simu zijazwe moto kabla, kwani umeme ndio hukatika kwanza. Vyeti na kadi vitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kaa chumba kidogo cha katikati, mbali na mnazi wowote ulioinamia nyumba.

Mashua ndogo ivutwe juu ya mstari wa takataka za bamvua ya mwisho, na zaidi ya hapo hatua 20. Mashine na mafuta vitolewe. Mlingoti ulazwe. Ifungwe kwenye mashina mafupi, si kwenye mnazi mrefu. Chombo kisichoweza kuvutwa kipelekwe ndani ya kijito cha mikoko, kikae na nanga mbili zilizotawanyika mbele, na kamba iwe ndefu mara 7 ya kina: palipo na pima 3 maji yakijaa, toa pima 21. Kamba fupi huinua nanga, na nanga iliyoinuka hailimi. Kwenye omo, pale kamba inaposuguana na mbao, funga gunia au kipande cha mpira, kwa sababu usiku mmoja wa kusuguana hukata kamba ambayo upepo umeshindwa kuikata. Kisha shukeni nyote. Hakuna anayebaki ndani kulinda chombo.